Ukisema joto, unasema joto lipi?

Mfugaji wa Usa River anapiga simu saa moja asubuhi: "Daktari, joto limeanza tangu usiku." Mama wa Njiro yuko dirishani duka la dawa: "Mtoto ana joto." Kondakta stendi ya Moshi anajifuta uso na kusema leo joto limezidi, na redio ya gari lake inatangaza kwamba joto la uchaguzi linapanda. Wote wametumia neno lile lile na wote wako sahihi. Shida huanza pale dawa ya joto moja inapopelekwa kwenye joto jingine: mtoto mwenye homa anafunikwa mablanketi mawili, ng'ombe anapandishwa mapema mno, na kuni zinachochewa chini ya sufuria ambayo tayari inachemka, eti maharage yaive upesi.

Joto la uchaguzi ni lugha ya picha na halimpotezi mtu. Hayo mengine yanagusa mwili, jiko na zizi, na ndiyo yanayostahili kutenganishwa.

Joto na halijoto

Katika sayansi, joto ni nishati inayohama kutoka penye umoto zaidi kwenda penye umoto kidogo. Halijoto ni kipimo cha umoto wa kitu chenyewe, ndiyo namba unayoisoma kwenye kipimajoto kwa nyuzi za Selsiasi. Vitabu vingine huiita jotoridi. Ukisikia "nyuzijoto 28" ujue imetajwa halijoto. Kiasi cha joto bado hujaambiwa.

Chukua matangi mawili ya maji yaliyosimama sakafu moja, la lita 5,000 na la lita 500, yakiunganishwa kwa bomba chini. Maji hayatoki kwenye tangi lenye lita nyingi kwenda lenye lita chache kwa sababu ya wingi wake. Yanatoka penye kina kirefu kwenda penye kina kifupi, mpaka vina vilingane. Halijoto ni hicho kina. Joto ni lita zinazopita kwenye bomba. Tangi dogo lililojaa hadi shingoni linaweza kupeleka maji kwenye tangi kubwa lililo nusu, ingawa lita zake ni chache.

Ndiyo maana cheche za grinda ya fundi wa mageti, zenye nyuzijoto zaidi ya 1,000, hutua mkononi na kuzimika bila kukuunguza sana, wakati kikombe cha chai yenye nyuzijoto 90 kikikumwagikia unapelekwa hospitali. Cheche ina kina kirefu lakini lita zake hazijai kijiko. Chai ina vyote viwili.

Ukielewa hapo, hesabu za bafuni zinakuwa nyepesi. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzijoto moja kunahitaji kilojuli 4.2. Ndoo ya lita 20 ikitoka nyuzijoto 20 kwenda 40 inataka kilojuli 1,680, yaani karibu nusu uniti ya umeme, kwa kuwa uniti moja ni kilojuli 3,600. Hita ya bafu ya kilowati 5.4 ikiwaka dakika kumi inakula uniti 0.9. Kwa asubuhi za Julai pale Arusha, familia ya watu watano wanaooga kwa hita hiyo kila siku hutumia uniti nne na nusu kabla jua halijapanda. Wa ndoo anaweza kuchemsha lita 5 tu na kuzichanganya na lita 15 za baridi, akapata maji ya karibu nyuzijoto 39. Atangulize maji ya baridi kwenye beseni, ndipo ya moto yafuate. Watoto wengi huungua kwa kuingia kwenye beseni lililotanguliziwa ya moto.

Kuna kosa jingine dogo: kudhani nyuzijoto 30 ni joto mara mbili ya 15. Sifuri ya kipimo chetu imewekwa tu mahali maji yanapoganda. Msweden Anders Celsius alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742 aliweka sifuri kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda, kinyume na tunavyotumia leo, na baadaye kikageuzwa. Sifuri ya kweli, ambapo hakuna tena joto la kutoa, iko chini kabisa kwenye nyuzijoto 273 chini ya sifuri. Barafu nayo, kwa hiyo, ina joto lake.

Na baridi? Baridi haina mwili wake, wala haiingii mahali. Joto ndilo linalotoka. Shuka la Kimasai halizalishi joto hata chembe. Linazuia joto la mwili wako lisiondoke. Shuka hilohilo ukilifungia chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, soda itabaki baridi muda mrefu zaidi, kwa kuwa sasa linazuia joto la nje lisiingie. Chupa ya chai hufanya kazi hiyohiyo kwa uji wa moto na kwa maji ya barafu. Kitasa cha chuma na mlango wa mbao vilivyolala usiku mmoja nje vina halijoto ileile. Chuma kinaonekana baridi zaidi kwa sababu kinavuta joto la kiganja chako haraka.

Maji kuchemka si lazima yafike mia

Shuleni tulifundishwa maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Hiyo ni kweli pwani. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuinua uzito wa hewa ulioyalalia, na kadiri unavyopanda mlima hewa juu yako inapungua. Kwa makadirio ya jikoni, kila mita 300 za kupanda zinaondoa nyuzijoto moja. Mjini Moshi, kwenye mita kama 900, maji huchemka karibu na nyuzijoto 97. Arusha, mita 1,400, ni 95. Lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro, juu ya mita 1,800, ni 94. Wapagazi wanaopika Kibo Hut, kambi ya juu mlimani humo, mita 4,700 na ushee, wanapata maji yanayotokota kwa nyuzijoto kama 85, na kileleni Uhuru, mita 5,895, yangetokota kwa karibu 80.

Nyuzijoto mbili tatu zinaonekana ndogo, lakini muulize mpishi wa makande. Maharage huiva kwa halijoto. Kutokota kwenyewe hakuivishi. Maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka hayapandi tena hata ukiongeza kuni mara tatu. Nishati yote ya ziada inaondoka na mvuke. Lita moja kutoka nyuzijoto 20 hadi 95 inataka kilojuli 315 tu, ila kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunataka kilojuli zipatazo 2,260, zaidi ya mara saba. Kwa hiyo sufuria ya makande inayoruka kifuniko inaiva kwa kasi ileile ya inayotokota taratibu, tofauti ikiwa ni mkaa na maji yanayopotea. Yakianza kuchemka, funika, punguza moto, acha kaa chache.

Kinachosaidia kweli ni kuloweka maharage saa 8 hadi 12 na kumwaga maji yale. Magadi kidogo hulainisha ganda, ukizidisha ladha inaharibika. Na maharage mekundu usiyategemeze kwenye moto wa uvuguvugu peke yake: yana sumu ya asili inayovunjika kwa kuchemka hasa, si kwa nyuzijoto 75 au 80. Yachemke kwa nguvu nusu saa ndipo uyaache yajipike polepole. Aliyekula yasiyoiva hutapika na kuharisha ndani ya saa chache, halafu lawama zote anabebeshwa aliyeuza nyama.

Kinyume chake, hofu kwamba maji ya kunywa yanayochemkia mlimani hayauwi vijidudu haina msingi. Vijidudu vya tumbo hufa vizuri chini ya kiwango cha kuchemka. Nyuzijoto 70 tu huwamaliza kwa muda mfupi. Yakitokota dakika moja panatosha, na juu ya mita 2,000 yape dakika tatu.

Sufuria ya presha inatatua suala la mwinuko kwa kurudisha uzito ulioondoka. Mvuke ukifungiwa ndani unayakandamiza maji, nayo yanaweza kufika kati ya nyuzijoto 110 na 120 kutegemea aina ya sufuria. Makande ya saa tatu yanashuka hadi chini ya saa moja. Sharti ni moja: usilazimishe mfuniko kabla pini ya presha haijashuka yenyewe.

Sharti hilohilo ndilo linalovunjwa barabarani. Gari likipanda kutoka Himo kwenda Marangu likiwa na mzigo, sindano ya joto ikafika nyekundu, watu husema gari limechemsha (neno ambalo vijana wamelihamishia kwa yeyote aliyeshindwa jambo). Mfuniko wa rejeta unayashikilia maji kwa presha ili yapite nyuzijoto 100 bila kuchemka. Ukiufungua papo hapo, presha inaanguka na sehemu ya maji yaliyozidi kiwango cha kuchemka inageuka mvuke kwa mkupuo mmoja, usoni kwako. Zima injini, inua boneti, subiri nusu saa au zaidi, weka tambara juu ya mfuniko, legeza kidogo hadi mvuke uishe, ndipo umalizie. Maji ya baridi usiyamwage ghafla kwenye injini iliyochemka. Silinda hedi hupasuka kwa chuma kusinyaa upande mmoja.

Kwa nini juu ni baridi na jua liko karibu?

Swali hili huulizwa na kila mtoto wa Moshi anayeiona theluji kutoka uwanja wa shule. Hata watu wazima wa Ulaya liliwashinda: mmisionari Johannes Rebmann aliporipoti kwamba mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, umbali wa nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alikataa katakata.

Jua liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Kilomita sita za mlima haziongezi kitu. Mwanga wa jua hupita hewani bila kuipasha sana, ukapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini, kama jiko linavyopasha chumba. Hewa hiyo ikipanda inatanuka, na kutanuka kunaipoza. Kwa wastani halijoto inashuka nyuzijoto sita na nusu kwa kila mita 1,000. Mchana ambao Moshi ina nyuzijoto 30, lango la Marangu litakuwa na 24 hivi.

Joto unalolisikia

Kiswahili kinasema tunasikia joto, na kweli ni jambo la hisia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kiwango cha juu cha nyuzijoto 33, namba hiyo imepimwa kivulini, ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za vibao vinavyopitisha upepo, mita moja na robo hadi mbili juu ya nyasi. Chini ya bati bila dari, au ndani ya daladala iliyoegeshwa juani, ni mahali pengine kabisa. Kwa hiyo utabiri haukukudanganya.

Halafu kuna fukuto. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka: kila lita inayokauka huondoka na zaidi ya kilojuli 2,000 za joto lako. Hewa kavu ya Moshi mwezi Februari inalinyonya jasho haraka. Hewa ya Dar es Salaam imeshiba mvuke, jasho linatiririka bila kukauka, na nyuzijoto 31 za huko zinachosha kuliko 33 za Moshi. Feni haishushi halijoto ya chumba, inasaidia jasho kukauka tu. Kuiacha ikiwaka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma umeme.

Homa

Mama wa Njiro aliposema mtoto ana joto alimaanisha homa. Hapa ubongo wenyewe umepandisha kiwango ambacho mwili unajaribu kukifikia, ndiyo maana mtoto mwenye nyuzijoto 39 anatetemeka na kuomba blanketi. Kiganja kinaweza kushuku homa lakini hakiipimi. Weka kipimajoto kwapani, ngozi kwa ngozi, mkono ukiwa umebana, mpaka kilie. Nyuzijoto 37.5 au zaidi kwapani ni homa.

Kumfunika ili atoke jasho kunamzuia kupoteza joto na kunaweza kumpandisha zaidi. Mvalishe nguo nyepesi, mpe maji au anyonye zaidi, na parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Parasetamo inashusha homa ila haitibu kilichoileta, na homa si jina jingine la malaria: kipimo cha damu ndicho kinachojibu. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu au aliyelegea mno, na kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote, hao hawasubiri asubuhi.

Aliyeanguka baada ya saa nyingi za jua kali, mwili unachemka na maneno hayaeleweki, huyo hana homa. Kiwango cha ubongo wake hakijapanda. Mwili umeshindwa kutoa joto. Parasetamo haimsaidii. Mtoe juani, mvue, mwagie maji mwili mzima na mpepee huku usafiri wa hospitali unatafutwa.

Upande wa pili kuna baridi ya Juni na Julai, na jiko la mkaa linaloingizwa chumbani. Hili naomba lisomwe mara mbili. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio watu wanaouamini, na unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kisha usingizi. Beseni la maji kando ya jiko haliiondoi. Dirisha la mwanya mdogo halitoshi. Jiko likae nje. Ndani ongeza shuka, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa.

Joto la ng'ombe

Turudi Usa River, ambako pia kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa, bila dume kuwepo) kinachozalisha mbegu za madume. Ng'ombe "kuwa kwenye joto" ni kuwa tayari kupokea dume. Halijoto ya mwili wake hupanda kidogo sana wakati huo, lakini hakuna mfugaji anayelijua joto hili kwa kipimajoto, wala halipozwi kwa kumwagia maji. Hurudi kila baada ya siku 21, kati ya 18 na 24, na hudumu saa 12 hadi 18, mara nyingi likianza usiku.

Dalili ya uhakika ni moja: anasimama kimya akipandwa na wenzake. Anayepanda wengine anaweza kuwa anakaribia tu. Kwa wafugaji wengi wa Meru na Hai wenye ng'ombe mmoja bandani, dalili hiyo haionekani kwa kuwa hakuna wa kumpanda. Hapo tazama ute: mwangavu, unaovutika kama ute wa yai, ukining'inia ukeni au ukigandia mkiani. Uke huvimba na kuwa mwekundu, ng'ombe hulia bila sababu, hala vizuri, na maziwa ya asubuhi hupungua. Mwangalie alfajiri na tena usiku kabla ya kulala, dakika 20 kila mara, akiwa ametulia, si wakati wa kumlisha.

Kosa kubwa ni haraka. Yai linatoka saa 10 hadi 14 baada ya joto kuisha, na mbegu ikiwekwa mapema mno inakufa ikingoja. Kanuni ya wahimilishaji ni rahisi: ameonekana asubuhi, apandishwe jioni, ameonekana jioni, apandishwe kesho asubuhi. Mbegu yenyewe imehifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzijoto 196 chini ya sifuri, na huyeyushwa kwenye maji ya nyuzijoto 35 hadi 37 kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Mhimilishaji anayeyeyusha mrija wa mbegu kiganjani au mfukoni mwa shati anakula pesa yako, kwa kuwa hajui ameufikisha wapi. Mwombe akuonyeshe kipimajoto.

Damu kidogo ikionekana mkiani siku mbili tatu baadaye, wengi husema mimba imetoka, wengine husema imeshika. Haisemi lolote kati ya hayo. Inasema joto lilipita siku chache nyuma, na kama hukuliona, hesabu siku 15 kuanzia hapo uanze kumvizia.

Joto la hewa nalo linaweza kulificha joto la ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa wa Friziani aliye tambarare za chini ya Moshi mwezi Februari anahema, anakula kidogo, na joto lake linakuwa fupi na la kimya. Kivuli, maji ya kutosha siku nzima na malisho ya jioni humrudishia dalili.

Mfugaji wetu aliyeona joto usiku wa tarehe 3 atapandishiwa asubuhi ya tarehe 4. Aandike tarehe ya joto, yaani 3, ukutani bandani, aanze kumwangalia tarehe 21 hadi 27, na hata asipoona kitu, amwite daktari apime mimba baada ya miezi miwili hadi mitatu.